Askari 460 na Tembo Mmoja

Hannibal aliacha hesabu. Kabla ya kuondoka Italia, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuwahangaisha Warumi nyumbani kwao, aliagiza maandishi yachongwe kwenye bamba la shaba, likawekwa Lacinium, kwenye rasi iliyoko kusini mwa nchi hiyo. Polybius, Mgiriki aliyeandika historia ya vita hivyo, anasema aliliona bamba lenyewe kwa macho yake, na ndiyo maana anazitaja tarakimu bila kusitasita. Hannibal aliposhuka kutoka milima ya Alps mwaka 218 KK, alikuwa na Waafrika 12,000 wa miguu, Waiberia 8,000, na wapanda farasi wasiozidi 6,000. Jumla, watu 26,000.

Hiyo ni hesabu ya kushuka. Ya kupanda ni nyingine. Polybius huyo huyo anasema kwamba alipovuka mto Rhône, Hannibal alikuwa na askari wa miguu 38,000 na wapanda farasi zaidi ya 8,000. Toa mwenyewe. Katikati ya mto na upande wa pili wa mlima kuna watu 20,000 ambao hawakufika. Wengine walitoroka, si wote walikufa, lakini wengi waliangushwa na maporomoko, baridi, njaa, na mawe yaliyobingirishwa na wenyeji wa milimani. Kuvuka Alps kwenyewe kulichukua siku 15.

Vitabu vingi hupita hapo mbio. Mwandishi ana haraka ya kufika Cannae, na msomaji ana haraka ya kuona tembo. Watu 20,000 wanamalizwa kwa nusu sentensi, halafu hadithi inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuja kukaa na ile nusu sentensi kwa muda mrefu kwa sababu moja ambayo mama yangu bado anaiona ya ajabu: nawapaka rangi.

Nieleze. Kuna watu duniani, wengi wao Uingereza, Ulaya na Marekani, wanaocheza vita vya kale mezani kwa vijisanamu vidogo vya askari. Si mchezo wa watoto, ingawa ulianzia huko. Una vitabu vya kanuni, vipimo vya rula, dadu, na mabishano yasiyoisha. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule wa riwaya za mashine ya kusafiria wakati, alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga ya kuchezea iliyofyatua vijiti. Baadaye wakaja waliotaka vita vya kale tu: Wagiriki, Warumi, Waajemi, Wakarthago. Mwaka 1965 huko Uingereza waliunda chama chao, Society of Ancients, na mwaka 1969 kundi la Wargames Research Group likatoa kanuni ambazo ziliusimamisha mchezo huo. Katika kanuni hizo, kijisanamu kimoja kilihesabiwa kuwa watu 20.

Hebu rudi kwenye hesabu ya Hannibal. Kwa uwiano wa mmoja kwa 20, jeshi lililovuka Rhône ni vijisanamu 2,300. Lililoshuka ni 1,300. Yaani kati ya mto na bonde, unanyoosha mkono mezani na kuondoa vijisanamu 1,000.

Mimi sina meza ya kubeba vijisanamu 2,300. Nina keja ya chumba kimoja, meza ya kupigia laptopu, na taa moja. Kwa hiyo uwiano wangu ni mmoja kwa 100. Askari 460 kutoka Rhône: 380 wa miguu na 80 wa farasi. Wanaofika ni 260.

Nilivipataje? Niliacha chuo mwaka wa tatu, shahada ya historia, karo ilipokataa kulipika. Tangu hapo naishi kwa kalamu. Nimeandikia watu tovuti za dawa za meno, nimeandikia watu hotuba za harusi, na kama vijana wengi wa mji huu, nimeandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Tatu kati ya hizo zilimhusu Hannibal. Zilipewa alama katika nchi ambazo sijawahi kukanyaga, kwa majina ambayo si langu. Halafu akaja mteja wa aina nyingine, mzee mmoja mstaafu wa Uingereza mwenye majeshi ya kale kabatini, akitaka mtu wa kumchimbulia maelezo: kila kikosi kilivaa nini, kilishika nini, kilitoka wapi. Kazi ilipoisha alinilipa, na miezi michache baadaye akanitumia kifurushi. Ndani mlikuwa na masanduku ya askari wa plastiki wasio na rangi, kimo cha sentimita mbili na nusu hivi kila mmoja, kijivu kama simenti.

"Na hivi vitoto vya plastiki," mama aliniuliza siku aliponitembelea, "vitakulipia kodi?"

Nikamwambia hapana, mama.

"Sawa. Bora wewe mwenyewe unajua."

*

Askari wa kijivu ni kitu kimoja na mwenzake. Ukimwaga mfuko mezani unaona lundo. Ndiyo kazi ya rangi: kuwatenganisha.

Unaanza kwa kuwaosha kwa maji ya sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta yanayokataa rangi. Unawakausha. Unawapiga rangi ya msingi. Plastiki hii ni laini, mikuki inapinda, na rangi ikipinda inabanduka, kwa hiyo wengine hutanguliza gundi nyeupe iliyolainishwa kwa maji. Kisha unaanza ngozi. Huwezi kumpaka mtu mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni halafu uende kwa mwingine, utazeeka. Unawapanga 20 kwenye kipande cha mbao, unapaka nyuso zote, halafu mikono yote, halafu nguo zote, halafu ngao. Ukimaliza unapitisha rangi ya kahawia iliyotiwa maji mengi; inatiririka ndani ya mikunjo ya nguo na kukaa kama kivuli. Mwisho, brashi iliyo karibu kukauka inaguswaguswa juu ya sehemu zilizoinuka: pua, magoti, ukingo wa ngao. Ghafla plastiki inakuwa mtu.

Nusu saa kwa askari wa miguu, saa moja kwa mwenye farasi. Kwa jeshi langu hiyo ni saa 270. Rafiki yangu mmoja alipoziona hesabu alisema, "Buda, hiyo si hobi. Hiyo ni kazi ya nyumba bila mshahara."

Hakuwa mbali na ukweli. Historia ya askari wadogo ni historia ya watu waliolipwa kidogo kuwapaka rangi. Karne ya 18 na 19, huko Nuremberg na Fürth, Ujerumani, palitengenezwa askari bapa wa bati waliouzwa Ulaya nzima. Upakaji rangi ulikuwa kazi ya majumbani, ikifanywa sana na wanawake na watoto, wakilipwa kwa idadi ya vipande. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikapata njia ya kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na rahisi, na watoto wa Uingereza wakajaza sakafu majeshi. Leo kuna karakana Sri Lanka zinazopaka rangi majeshi ya wateja wa Ulaya na Marekani wasio na muda. Unatuma kikosi cha kijivu kwa posta, kinarudi na macho. Kwenye meza ya mchezo, sifa ni za jenerali aliyekaa kitini. Msee aliyepaka zile nyusi hatajwi.

Sitajifanya sielewi hiyo biashara. Nimeuza insha kwa kurasa.

*

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo mzee wa Uingereza alinilipa kulichunguza na ambalo halijaniacha: hawa watu walikuwa na rangi gani?

Nguo kwanza, maana ni rahisi zaidi. Kuhusu Cannae, mwaka 216 KK, Polybius ametuachia maelezo ambayo mpaka rangi yeyote angeyapenda. Waiberia walivaa kanzu fupi za kitani zenye ukingo wa zambarau. Wakelti waliosimama pamoja nao walipigana uchi. Livy, Mrumi aliyeandika baadaye, anaongeza kwamba weupe wa zile kanzu ulikuwa wa kung'aa. Nyeupe ni rangi ngumu kuliko zote. Ukiipaka moja kwa moja inatoka kama chokaa ya ukutani. Unaanza na kijivu hafifu, unaacha kijivu kibaki kwenye mikunjo, ndipo unaweka nyeupe juu ya mikunjo tu. Halafu ule mstari wa zambarau kwenye pindo, mwembamba kama uzi. Mara 80.

Walibya, ambao ndio uti wa mgongo wa jeshi, wana shida nyingine. Baada ya Hannibal kuwanasa Warumi kando ya ziwa Trasimene mwaka 217 KK, aliwapa askari wake wa Afrika silaha na mavazi ya kivita yaliyovuliwa kwa maiti za Warumi. Cannae walisimama wakiwa wamevaa kama adui zao. Kwa hiyo ukimpaka Mlibya wako lazima kwanza umuulize: uko mwaka gani? Wangu wanatoka Rhône mwaka 218, bado hawajavaa nguo za wafu.

Wanumidia ndio ninaowapenda. Walitoka sehemu ambazo leo ni Algeria na jirani zake, mababu wa Waamazigh. Walipanda farasi wadogo bila tandiko wala lijamu, wakirusha mikuki mifupi na kugeuka kabla hujajua kimekupata nini. Strabo, akiandika kuhusu watu wa maeneo hayo, anataja kanzu pana zisizofungwa mshipi, ngao ndogo za ngozi, kamba shingoni mwa farasi, na jinsi walivyopenda kusuka nywele na kutunza ndevu. Livy anasimulia Wanumidia ambao adui aliwacheka kwa jinsi walivyoonekana hafifu, wao na farasi wao waliokonda, mpaka walipomponyoka. Kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyomalizika mwaka 113 BK, kuna wapanda farasi wanaotambuliwa kuwa Wamoori, jirani za Wanumidia, na nywele zao zimechongwa misokoto. Ukitazama picha zake unaweza kudhani ni vijana wa matatu.

Kisha ngozi. Hapo ndipo watu huanza kutupiana maneno.

Mwaka 2023 iliporipotiwa kwamba Denzel Washington angeigiza Hannibal kwenye filamu, kelele zilizuka Tunisia, nchi ambayo ndani yake yako magofu ya Karthago, mpaka suala likafika bungeni. Walisema Hannibal hakuwa mtu Mweusi. Upande wa pili wa mtandao ukajibu kwamba alikuwa Mwafrika, kwa hiyo alikuwa Mweusi, mwisho wa maneno. Nilifuatilia hiyo vita usiku kucha nikiwa na brashi mkononi. Niliona kwamba wote walikuwa wanagombania uso mmoja, wa jenerali. Wale wengine 46,000 hakuna aliyewauliza.

Hannibal alitoka ukoo wa vigogo wa Karthago, mji ulioanzishwa na Wafoinike kutoka Tiro, katika Lebanoni ya leo, na uliochanganyika na Walibya kwa karne nyingi. Sura yake sijui na siihitaji. Kwenye uwiano wangu yeye ni mtu mmoja kati ya mia wanaowakilishwa na kijisanamu kimoja. Lakini jeshi lake? Kuna sarafu ndogo za shaba zilizotengenezwa Etruria, kaskazini mwa Roma, karibu na miaka ya vita hivyo. Upande mmoja kuna kichwa cha mtu Mweusi, nywele za kipilipili, pua pana, hakuna utata. Upande wa pili kuna tembo. Wengi wanasoma sarafu hiyo kama picha ya mwendesha tembo. Aliyechonga muhuri wa ile sarafu alikuwa na wazo la mtu aliyemchora, na watu wa Italia walioishika mkononi walielewa kilichochorwa.

Kwa hiyo nimechanganya rangi tano za ngozi, kwenye vifuniko vitano vya chupa za soda, kutoka rangi ya njugu mbichi hadi rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Kwa Walibya na Wanumidia natumia zote tano, bila mpangilio, hata ndani ya kikosi kimoja. Ni jeshi lililokusanywa kutoka pwani yote ya kaskazini ya bara hili, mbele ya jangwa na njia za biashara. Jeshi la aina hiyo huwezi kulipaka kwa chupa moja ya rangi. Anayelipaka kwa chupa moja, iwe nyeupe au nyeusi, anapaka bendera.

Hata hili si wazo geni. Mafundi wa Misri walilifanyia kazi miaka kama 4,000 iliyopita. Ndani ya kaburi la Mesehti, aliyekuwa gavana wa Asyut, walikutwa wanajeshi wadogo wa mbao, mbao mbili zenye watu 40 kila moja, mistari kumi ya watu wanne wanne. Kwenye ubao mmoja kuna Wamisri wenye mikuki, ngozi ya kahawia nyekundu, na kila ngao ina mabaka yake ya ngozi ya ng'ombe. Kwenye ubao wa pili kuna wapiga upinde wa Nubia, ngozi nyeusi zaidi, upinde mkono mmoja, mishale mkono mwingine, na viunoni vitambaa vya rangi. Wako kwenye makumbusho ya Kairo. Ukiangalia kwa makini unaona hawalingani kimo, nyuso hazifanani, wengine wanakutumbulia macho kama wamekufahamu. Fundi angeweza kuchonga mmoja na kumrudia mara 40. Hakufanya hivyo. Wamisri waliiita Nubia Ta-Seti, nchi ya upinde, na walijua kwamba wale vijana walikuwa wakodiwa wa kutoka kwingine. Wakawapa rangi yao na nyuso zao, ingawa kazi yao ilikuwa kumlinda bosi mmoja aliyekwisha kufa.

China nako kuna somo, lakini la uchungu. Jeshi la udongo la Qin Shi Huang, lililogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, lilikuwa limepakwa rangi kali: nyekundu, kijani, zambarau. Yalipofukuliwa, utando uliobeba rangi ulikauka na kujikunja, na rangi ikabanduka kwa dakika chache. Tumezoea kuwaona kijivu, tukadhani kijivu ndiyo heshima yao. Na kwenye kaburi la mfalme Jing wa nasaba ya Han, aliyekufa mwaka 141 KK, kuna askari wa udongo wa kimo cha sentimita 60 hivi, waliozikwa na mikono ya mbao na nguo za hariri. Mbao ikaoza, hariri ikaoza. Leo wamesimama uchi bila mikono, na nyuso zao bado zinatabasamu kidogo.

*

Kuna watu ambao hata mtengenezaji wa vijisanamu hawatengenezi. Kwenye masanduku yangu yote ya plastiki kuna mikuki, panga, pinde, jenerali anayeonyesha kidole. Hakuna mbeba mizigo. Hakuna mchunga punda, mpishi, wala mtu wa kukata majani ya farasi. Jeshi la watu 46,000 lenye farasi 8,000 haliwezi kuvuka milima bila watu hao, na Polybius anataja wanyama wa mizigo wakianguka na kubingirika na vilivyo mgongoni. Lakini mchezo unahesabu wanaopigana. Asiyepigana hana pointi, na asiye na pointi hachongwi.

Mtu wa Nairobi hawezi kuandika sentensi hiyo bila kufikiria Kariokor. Mwaka mmoja baada ya Wells kuchapisha kitabu chake cha vita vidogo, vita vikubwa vilianza, na vikafika hadi huku. Waingereza walihitaji watu wa kubeba chakula na risasi kuwafuata Wajerumani Tanganyika, wakaunda Carrier Corps, na jina hilo likameng'enyeka midomoni mwetu likawa mtaa na soko. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wa wale watatu ni mchukuzi. Tunampita tukikimbilia basi. Angalau alichongwa.

Wells mwenyewe, kwa haki yake, hakuwa mpenda vita. Alimaliza kitabu kwa kusema kwamba mtu akijaribu vita vidogo sakafuni ataona vile vita vikubwa vilivyo upumbavu wa gharama isiyo na kipimo. Sina hakika kwamba mchezo hufanya hivyo. Nimesoma ripoti nyingi za michezo na wachezaji huondoa Wakelti mezani kama anayefagia makombo.

Nasema Wakelti makusudi. Cannae ndiyo ushindi unaofundishwa kwenye vyuo vya kijeshi mpaka leo: katikati ikarudi nyuma taratibu, Warumi wakaingia, pembeni Walibya wakageuka, nyuma wapanda farasi wakafunga mlango. Kwenye ubao unapendeza kama mtego wa ndege. Ila hiyo "katikati iliyorudi nyuma" ni watu. Polybius anasema Hannibal alipoteza siku hiyo Wakelti karibu 4,000, Waiberia na Walibya pamoja 1,500, na wapanda farasi 200. Wakelti waliwekwa pale wafe polepole ili wengine washinde. Ukishawapaka mmoja mmoja, masharubu na mikufu ya shingoni, huo mtego wa ndege huoni tena uzuri wake vile vile.

*

Nilianza na wale 260 walioshuka. Ilikuwa na maana: hao ndio jeshi la historia, ndio wanaopigana Trebia, Trasimene na Cannae. Ilinichukua karibu mwaka, usiku kwa usiku, kati ya kazi ya mteja huyu na yule. Waafrika 120, Waiberia 80, farasi 60. Nikawabandika kwenye vipande vya kadi ngumu, nikamwaga gundi na mchanga, nikawapaka vanishi isiyong'aa.

Walibaki 200 wa kijivu kwenye mfuko. 180 wa miguu, 20 wa farasi. Kwa sheria za mchezo wowote, hao hawana kazi. Vita havijaanza na wao wameshaondoka. Yule rafiki yangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshazoea kuja kukaa na kutazama, aliuliza swali la maana.

"Sasa hawa si unawaacha tu? Si walikufa?"

"Walikufa wakiwa na nguo," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. "Basi wape nguo."

Nimewapaka kwa makini zaidi kuliko waliofika. Rangi ni zile zile, mkono ndio ulikuwa umeshajifunza, kwa hiyo mstari wa zambarau kwenye kanzu zao umenyooka vizuri kuliko wa wenzao. Wamesimama kwenye ubao wao peke yao juu ya kabati. Vikosi vyao navijua kwa makadirio tu, kwa sababu Polybius anatupa jumla yao bila kusema nani alianguka wapi. Na Hannibal, kwenye lile bamba lake la shaba, aliandika waliofika.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayepaka jeshi la Karthago hulifikia mwishowe. Mwaka 146 KK Warumi waliuchoma mji wenyewe, na Polybius alikuwepo, akitazama pamoja na jenerali wa Kirumi. Hakuna historia ya vita hivi iliyoandikwa na Mkarthago ambayo imetufikia. Kila rangi niliyotumia, kila ukingo wa zambarau, kila farasi asiye na lijamu, nimeupata kwa Mgiriki aliyekuwa rafiki wa Warumi au kwa Mrumi mwenyewe. Hata bamba la Lacinium limebaki kwa sababu tu Mgiriki mmoja alisimama akalisoma. Nimepaka jeshi zima kwa macho ya maadui wake, kwa sababu hakuna macho mengine. Ndiyo maana zile rangi tano za ngozi nazishikilia. Hizo hawakunipa.

Amebaki tembo. Hannibal alivuka Rhône na tembo 37. Kwa uwiano wangu wa mmoja kwa 100, hiyo ni kama theluthi moja ya tembo, na siwezi kupaka mkonga na sikio tu. Baada ya vita vya Trebia na baridi iliyofuata, Polybius anasema wote walikufa isipokuwa mmoja. Mwaka uliofuata, jeshi lilipovuka vinamasi vya Italia na Hannibal akiumwa jicho ambalo hatimaye lilipofuka, alikuwa amekaa juu ya huyo mmoja. Kwa hiyo mmoja ndiye niliyempaka.

Pliny anatuambia kwamba Cato, Mrumi aliyeandika historia ya zamani bila kutaja majina ya makamanda, alimtaja kwa jina tembo mmoja aliyepigana kwa ushujaa kuliko wote upande wa Karthago. Aliitwa Surus, Mshami, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Kama ndiye yule yule aliyembeba Hannibal kinamasini, watu wanakisia. Wangu nimemkata pembe ya kushoto kwa wembe, nikapaka pale palipokatika rangi ya maziwa iliyochafuka. Ana jina. Wale 460 walio nyuma yake hakuna hata mmoja ninayeweza kumwita.